Mgonjwa wa Kuigiza

Tarehe 3 Februari

Wifi yangu wa bandani,

Trei zimefika salama. Yai moja tu limepasuka, na dereva wa pikipiki anaapa lilipasuka lenyewe kwa hasira. Nimempa chai, nikaichomoa barua yako chini ya trei ya mwisho, mahali pake pa siku zote. Wenzangu wananicheka. Wanasema watu wote wanapigiana simu, mimi napokea barua zenye manyoya. Nawaambia simu ya wifi yangu hushika mtandao akipanda juu ya tangi la maji, na umri wa kupanda matangi umempita.

Sasa nisikilize. Ile stoo ya vitanda vibovu nyuma ya maabara inageuzwa wodi ya kutenga wagonjwa, na kazi hiyo nimetwishwa mimi. Mafua ya ndege yanazunguka huko na huko, yanaua kuku na bata, na hofu ya wakubwa ni siku yatakapoanza kuruka kutoka mtu hadi mtu. Huenda siku hiyo isifike kabisa. Lakini mganga mkuu aliniita akasema, "Matroni, tujiandae kana kwamba ni keshokutwa." Basi nimekuwa fundi. Nimegombana na mtu wa mabomba kwa sababu ya sinki aliloliweka upande wa mlango usiofaa, na nimeng'ang'ania ukutani kuwe na dirisha kubwa la kioo, ili mgonjwa aone sura za watu asijione ametupwa.

Kila nikiandika neno "kuku" kwenye mipango hii nakukumbuka. Mimi ni nesi niliyesomeshwa na mayai ya banda lako na la marehemu kaka yangu, na sijapata siku ya kukushukuru ikatosha. Kwa hiyo nikubalie mambo haya: viatu vya bandani visiingie ndani, maji ya kuku yasitoke bwawani wanakoshukia bata wa porini, na Mama asipakate kuku. Najua hilo la mwisho ni gumu.

Mwambie Mama nakula vizuri.

Wifi yako wa wodini


Tarehe 10 Februari

Matroni wangu,

Nimecheka peke yangu mpaka Mama akauliza kama nimeanza kuumwa.

Viatu nimevitenga, na mlangoni mwa banda nimeweka beseni la dawa ya kukanyagia. Mama anauliza tangu lini watu wananawa miguu kabla ya kumwona kuku. Kuhusu maji, wewe unalijua bomba letu, hutoka likijisikia. Likikauka siku mbili, bwawa ndilo linaloninusuru. Nitajitahidi, lakini sikuahidi uongo.

Hilo la kupakata, njoo umwambie mama yako mwenyewe. Mimi mkwe tu. Mwenyekiti ndiye aliyemharibu. Unamjua, yule jogoo mwekundu, kifaranga wa mwisho kutotolewa kwa mkono wa kaka yako. Kila asubuhi anapanda juu ya ile ndoo iliyopinduliwa anahutubia, na Mama anamjibu hoja kwa hoja kutoka kwenye kiti chake. Akishindwa kujibu anamwita mapajani, wanamaliza huko.

Na wewe uache kunishukuru kwa ajili ya shule. Ukinishukuru nasikia kama unaniaga. Tangu kaka yako aondoke, banda hili ndilo linaloniamsha. Nikisikia kelele zao najua kuna wanaonisubiri. Unamkumbuka jirani wa ng'ambo ya barabara? Walikuja watu wamevaa nguo nyeupe, wakaua kuku wake wote, wakaondoka bila kukaa naye chini wakamweleza. Mpaka leo hakuna anayenunua hata mchicha kwake. Watu wanavuka barabara wakimwona. Siku wakija kwangu namna hiyo, sijui kama nitasimama tena.

Mama anasema haamini kwamba unakula.

Wifi yako wa bandani


Tarehe 2 Machi

Wifi yangu,

Asante kwa mayai. Trei zimekuja chache safari hii, na barua haikuwamo. Nimejiambia una shughuli.

Wodi imekamilika. Nimeingia nikakaa kitandani peke yangu, nikatazama kila kitu jinsi mgonjwa atakavyokitazama, nikamwita fundi arudi kurekebisha taa iliyokuwa inamulika machoni. Sasa kinachofuata ni zoezi. Atatoka mkaguzi mkoani, daktari mwenye miwani na karatasi nyingi, aone tutafanya nini mtu akifika getini akiwa na dalili. Zoezi linahitaji mgonjwa wa kuigiza. Tulimjaribu karani wa mapokezi. Aliingia anacheka, katikati akasahau kwamba anaumwa, akaomba soda.

Nakuomba uwe wewe. Nataka mtu anayefuga kweli, ili wauguzi wangu wasikie majibu ya mfugaji na si ya karani. Utakohoa kidogo, utaulizwa maswali, utalala kitandani kizuri. Mwenzangu mmoja alitaka tuvae mavazi ya kinga nusu nusu kuokoa vifaa, eti ni maigizo. Nimekataa. Tutavaa kila kitu kama kweli.

Nijibu haraka, wifi.

Wa wodini


Tarehe 6 Machi

Matroni,

Mimi na kuigiza wapi na wapi. Siku ya harusi yangu niliambiwa nilie wakati wa kuaga nyumbani, nikashindwa, shangazi akanifinya. Mtafute mwingine.

Mayai yamepungua kwa sababu kuku wanapukutisha manyoya. Ni kawaida, watarudi. Mwenyekiti hajambo. Mama hajambo. Mimi vumbi la maranda limenipa kamafua kadogo, si kitu.

Usinifikirie vibaya.

Wa bandani


Tarehe 8 Machi

Wifi yangu mpendwa,

Dereva anasubiri, naandika nimesimama.

Nakuomba tena, na safari hii nakuomba kwa jina la kaka yangu. Huhitaji kuigiza. Usikariri chochote. Wauguzi wana karatasi yenye majibu yao ya kupanga, wewe iache. Ukiulizwa swali, jibu lolote linalokujia mdomoni. Siku ya zoezi hakuna jibu baya, hakuna atakayekukasirikia, hakuna atakayekusema nje. Kila mtu atajua ni zoezi.

Njoo na Mama, akae kwangu siku chache, nimemmisi. Msipande pikipiki. Gari la hospitali litawafuata tarehe 12 asubuhi, maana hata gari nalo liko kwenye zoezi, na mtakuta dereva amevaa barakoa. Vaeni mnazopewa. Mama mkalishe kiti cha nyuma kabisa, dirisha wazi. Akilalamika upepo mwambie ni amri ya Matroni.

Njoo tu, wifi.

Wa wodini


Tarehe 13 Machi, ndani ya kioo

Matroni,

Naandika kwa kalamu nene uliyoniletea, herufi kubwa kama za darasa la kwanza, na nitabandika karatasi dirishani moja moja. Nakuona hapo nje na kijitabu chako unasubiri kunakili, kwa kuwa karatasi za humu hazitoki. Soma polepole, mkono wangu mzito.

Nataka ujue ilivyokuwa upande wangu. Mlinzi getini alinionea huruma akaninong'oneza, "Mama, usiogope, ni maigizo." Yule sista kijana alinipima joto, akakitazama kipimo, akakitikisa, akapima upya, akawaambia wenzake kwamba hata joto nimeliigiza. Nilipokohoa, yule daktari wa karatasi akapiga makofi. Nilitaka kucheka, pumzi ikanikatalia.

Kisha ukaja wewe umefunikwa kuanzia utosini hadi kwenye soli. Nikakutambua kwa unavyosimama, uzito wote mguu mmoja, kama kaka yako. Ukauliza kwa sauti ya kazi, "Mama, unafuga kuku? Kuna waliokufa?"

Wifi, lile swali nililikimbia wiki nzima. Nilikuwa nimekaa na majibu yake kifuani pamoja na kikohozi. Lakini ulisema siku hiyo hakuna jibu baya. Basi nikasema. Nikasema alianza yule tetea, Mama Kelele, wakafuata wale weupe wa kona, wanalala shingo zimepinda, asubuhi hawaamki. Nikasema maji niliteka bwawani. Nikasema Mwenyekiti alikufa Jumapili, upanga wake wa kichwani umegeuka zambarau, nikamzika nyuma ya tangi, nikamwambia Mama ametoroka. Daktari wa karatasi anatikisa kichwa, anatabasamu, anaandika. Sista kijana anasema, "Jamani, huyu mama anajua." Na wewe ukaweka kalamu chini. Ukasema, "Zoezi limesimama. Huyu ni wifi yangu, na hakuna anachoigiza."

Niliwahi kubeba gunia la pumba nikatuliwa na mtu nisiyemwona. Nilisikia vivyo hivyo. Nikapata usingizi hapo hapo mbele ya wageni.

Nina swali moja tu. Mama?

Wifi yako


Tarehe 15 Machi

Wifi yangu,

Mama mzima. Naanza na hilo ili uvute pumzi. Yuko nyumbani kwangu chumba cha peke yake, anapimwa asubuhi na jioni, na majibu ya maabara yanasema hana kitu. Anakilalamikia chakula changu. Anasema sasa ameamini kwamba sili.

Majibu yako yametoka pia, na sitakuficha. Ni yenyewe, mafua ya ndege. Lakini dawa ulianzishwa saa ile ile ulipolala pale kitandani, na mganga mkuu anasema kuanza mapema ndiko kunakookoa. Joto limeanza kushuka. Endelea kumeza, endelea kulala, endelea kuwasumbua wauguzi wangu.

Bandani walikwenda siku hiyo hiyo. Kuku wote wameondolewa, wifi. Sikuweza kukuombea hata mmoja. Niliomba jambo jingine: bwana mifugo akae na majirani kwanza, awaeleze ni ugonjwa gani, umetoka wapi, na kwamba wewe ndiye uliyesema mapema wao wakapona. Alikaa nao mpaka wakaishiwa maswali. Yule jirani wa ng'ambo ya barabara alisikiliza yote, kisha akaomba naye atajiwe ugonjwa uliowaua wa kwake. Jana alikuja getini kuuliza hali yako. Ndoo ya Mwenyekiti nimeomba isichomwe. Imeoshwa kwa dawa, inakusubiri.

Sasa na mimi niseme langu. Wifi, kuku wako walipukutisha manyoya mwezi wa tisa. Uliniandikia mwenyewe, ukasema banda limejaa manyoya mpaka Mama anapiga chafya. Hawapukutishi tena mwezi wa tatu. Na zile trei za mwisho sikumpa mpishi, maana niliyashika mayai nikakuta maganda laini kama ngozi ya mdomo. Sikuwa na uhakika, nilikuwa na woga. Ningekuuliza moja kwa moja ungenijibu hajambo, hajambo, hajambo. Nilimwambia mganga mkuu peke yake. Ndiyo maana tulivaa kila kitu, ndiyo maana gari, ndiyo maana bwana mifugo alikuwa chumba cha pili na vifaa vyake. Zoezi lilikuwa zoezi kweli. Ila mgonjwa sikumtafuta mwigizaji.

Nisamehe, na asante kwa kuja.

Wa wodini


Tarehe 16 Machi, ndani ya kioo

Matroni,

Kumbe ulinitega.

Nilidhani nimesema mwenyewe. Kumbe ulikuwa umeshapanga mpaka mtu wa kukaa chumba cha pili. Kuku wangu walikuwa wameshahukumiwa mimi bado nafunga kanga niwahi gari lako. Banda la kaka yako, na ukanitajia jina lake ili nije.

Leo usisimame dirishani. Tuma sista kijana.


Tarehe 17 Machi

Wifi yangu,

Nimemtuma kama ulivyosema. Mimi nimekaa kwenye ngazi, upande ambao hunioni.

Sina la kujitetea. Nilijua ukija utapoteza banda, na nilijua usipokuja huenda nikawapoteza wewe na Mama pamoja, nibaki na banda la kuku wagonjwa. Nilichagua. Ukipona ukinichukia miaka yote iliyobaki, nitakuwa na mtu wa kunichukia, na hilo nitalishukuru.

Nipo ngazini.

Wa wodini


Tarehe 20 Machi, ndani ya kioo

Wifi yangu,

Jana jasho lilinitoka mpaka shuka zikabadilishwa, na leo nimeamka na njaa. Sista kijana amelia. Nimemwambia aache, miwani yake inaingia ukungu.

Nimekuwa na nafasi ya kufikiri, humu hakuna cha kufagia. Nimejiuliza, kama ungekuja nyumbani ukanikabili sebuleni mbele ya Mama, ningefanya nini. Ningekuapia kwamba kuku wazima. Ningekutayarishia chai kwa mikono ile ile niliyomzikia Mwenyekiti, nawe ungeinywa. Mama angekaa katikati yetu. Nikifika hapo nashindwa kuendelea kufikiri.

Nilikuwa nimejifungia mimi mwenyewe, wifi. Ulinifungulia mlango ambao ningepita bila kuona haya, ukauita zoezi, ukanisubiri upande wa pili umevaa kila kitu. Aliyesema ni mimi. Ulinipa tu mahali pa kusemea. Nilichukua siku tatu kuona tofauti, na homa ilinichelewesha.

Asante. Sijakuandikia neno hilo tangu tuanze kuandikiana, nilikuwa nakuachia wewe kila mara. Asante kwa kioo hiki. Usiku wa homa nilikuwa nageuka naona taa ya ukumbini na kivuli cha mtu ameketi, nikajua sijatupwa. Asante kwa taa isiyomulika machoni. Asante kwa Mama.

Toka huko ngazini, utapata baridi. Njoo usimame nikuone.

Wifi yako


Tarehe 14 Juni

Matroni wangu,

Trei hii iko tupu, imebeba barua tu. Dereva wa pikipiki ameniuliza mara mbili kama nina akili timamu. Nimemwambia barua yangu haijui njia nyingine ya kufika kwako.

Hatimaye bwana mifugo ameruhusu. Banda limekaa wazi, limeoshwa, limepigwa chokaa, limepigwa jua, na juzi vifaranga wameingia. Asubuhi nimeamshwa na vilio vyao, nikakaa kitandani nasikiliza kabla ya kuteremka. Maji sasa ni ya tangi tu. Majirani walichimba mtaro wa bomba hadi mlangoni kwangu, na aliyeshika sururu wa kwanza ni yule jirani wa ng'ambo. Nimenunua mchicha wake wote. Hatuwezi kuumaliza, Mama ameanza kugoma. Hakuna mwingine aliyeugua, si dereva, si jirani, si mtu yeyote. Bwana mifugo anasema ugonjwa ulifika kwangu ukakuta hauna pa kwenda.

Mama nilimweleza ukweli kuhusu Mwenyekiti. Akaniambia alijua siku ile ile, maana jogoo yule asingetoroka akaacha ndoo yake. Alinyamaza kwa sababu aliona nahitaji mtu wa kudanganya. Basi wote watatu tulikuwa tunajua, kila mmoja anamlinda mwenzake, na kidogo tuuane kwa kulindana. Ndoo imerudi mahali pake. Kuna kifaranga kimoja kinaipanda na kuanguka. Mama amekiita Katibu, anasema mtu hapewi uenyekiti haraka.

Nasikia mna zoezi jingine mwezi ujao na karani anataka kurudi. Mwambie akae. Nakuja mimi, na safari hii kweli nitaigiza, kwa kuwa sina hata chafya. Nimeanza kujifunza. Jana nilisimama mbele ya Mama nikakohoa kwa nguvu zangu zote, nikashika kifua. Mama akasema hajawahi kusikia kikohozi cha uongo kama hicho tangu azaliwe.

Nimefurahi mno, wifi. Nimeona nikuandikie.

Wifi yako wa bandani